Sanduku la Montessori la mwaka wa kwanza: vya kununua ni viwili, vingine viko jikoni kwako

Shilingi 260,000, na nauli ya basi kutoka Dar es Salaam hadi stendi ya Msamvu juu yake. Ndiyo bei aliyolipa binti yangu kwa sanduku la vifaa vya Montessori, ule mtindo wa elimu ambao mtoto hujifunza kwa mikono yake mwenyewe, vya mtoto tangu kuzaliwa hadi mwaka mmoja, kutoka kwa muuzaji anayetangaza Instagram. Akina mama wa mtaani kwetu hapa Morogoro wameniuliza sana kama linafaa, nami naona ni haki yao kupata jibu kamili, maana wengine wangelazimika kukopa kwenye kikoba ili walinunue. Muuzaji simtaji. Nina malalamiko juu yake, na vilevile sanduku la namna hii linauzwa na wengi kwa vitu vilevile.

Mimi nimefundisha chekechea kwenye shule ya masista, kwa mtindo wa Montessori, mpaka nilipostaafu. Vifaa vya watoto wa miaka 3 hadi 6 navijua kwa mikono yangu: mnara wa waridi wenye vipande 10, kuanzia cha sentimita 1 hadi cha sentimita 10, herufi za msasa, shanga za dhahabu za kuhesabia. Vya watoto wachanga nilikuwa nikivisoma tu. Sasa mjukuu wangu ametimiza mwaka na ushee, anatembea akishika ukuta, na kila kilichokuwemo sandukuni nimekiona kikitumika au kikikataliwa.

Niseme kwanza jambo moja ambalo wauzaji wanalipindisha. Kijitabu kilichokuja na sanduku kinadai kwamba vyote "vimebuniwa na Dkt. Maria Montessori". Si kweli. Huyo daktari wa Italia ndiye mwanzilishi wa mtindo huu, lakini nyumba yake ya kwanza ya watoto, yaani shule, aliyoifungua mtaa wa San Lorenzo kule Roma tarehe 6 Januari 1907, haikuwa ya watoto wachanga. Walikuwa watoto wanaotembea na kusema. Kazi ya watoto wa mwaka wa kwanza ilikuja kushika mizizi baadaye, Adele Costa Gnocchi alipoanzisha mafunzo ya walezi wa watoto wachanga hapo hapo Roma mwaka 1947. Miongoni mwa waliofanya kazi naye alikuwamo Gianna Gobbi, ambaye Wakatoliki wenzangu watamjua kwa Katekesi ya Mchungaji Mwema, mafundisho ya dini kwa watoto, aliyoianzisha pamoja na Sofia Cavalletti. Kimojawapo cha vining'inio vya sandukuni, yaani vitu vya kuning'inizwa juu ya mtoto ili avitazame, kina jina lake. Kingine kina jina la Bruno Munari, msanii wa Milano aliyekuwa akitengeneza vitu vya kuning'inia vya karatasi na vijiti tangu miaka ya 1930.

Na jina lenyewe la Montessori halina mwenyewe. Marekani liliamuliwa mwaka 1967 kwamba ni jina la aina ya elimu, hakuna chama kinachoweza kulimiliki peke yake. Kwa hiyo mtu yeyote anaweza kulibandika juu ya sanduku lolote, hata la plastiki inayowaka taa na kuimba. Mnunuzi asilitegemee jina. Akiangalie kitu chenyewe.

Sasa vitu.

Vining'inio viko vinne, na hapa fedha ilikwenda mahali pake. Cha kwanza, cha Munari, ni cha maumbo meupe na meusi ya karatasi ngumu pamoja na kitufe cha kioo, yaani kijimpira, kinachoshika mwanga. Cha pili kina maumbo matatu yenye nyuso nane, jekundu, la njano na la buluu, ya karatasi inayong'aa. Cha tatu ndicho cha Gobbi: mipira mitano iliyofungwa nyuzi za rangi moja, kutoka iliyokolea mpaka iliyofifia, imepangwa kwa mshazari. Cha nne ni watu wanne wa karatasi ya kumetameta wanaocheza ngoma upepo ukipita.

Mtoto aliyezaliwa juzi anaona vizuri kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni kwake, karibu na umbali wa kutoka titi hadi uso wa mama. Zaidi ya hapo ni ukungu. Rangi nazo huja kidogokidogo, ndiyo maana huanzwa na nyeupe na nyeusi. Mjukuu wangu alipokuwa na wiki chache tulimlaza chali kwenye mkeka asubuhi, ameshanyonya na kubadilishwa nepi, na cha Munari kikining'inia juu ya kifua chake, si juu ya uso. Mlango ukiwa wazi upepo ulikizungusha wenyewe. Nilikaa kwenye kigoda pembeni, kimya. Yule mtoto alitulia, miguu ikaacha kurusharusha, mdomo ukafunguka kidogo, na macho yakakifuata kile kitufe cha kioo kikizunguka hadi mwisho, kikirudi akirudi nacho. Nimefanya kazi na watoto maisha yangu yote, na sijapata kuona umakini wa namna ile kwa mtu mdogo kiasi kile. Binti yangu alisimama mlangoni akiwa na sufuria ya uji mkononi, akaninong'oneza, "Mama, anafikiri!" Alikuwa anafikiri kweli.

Tatizo lilikuwa sisi wakubwa. Kwetu mtoto akiwa macho kila apitaye lazima amchangamshe: huyu anapiga vidole, huyu anaita "wewe! wewe!", huyu anamnyanyua na kumrusha juu. Ni mapenzi, nami siyabezi, mtoto anayaishi mapenzi hayo. Lakini alipokuwa anatazama nilimwomba kila mtu amwache, na shangazi mmoja wa binti yangu alinuna kidogo, akadhani namnyima mtoto. Nikamkalisha karibu yangu, tukatazama wote wawili. Baada ya muda akasema polepole, "Wifi, kumbe hawa wana mambo yao." Tangu siku ile yeye ndiye mlinzi wa mkeka, mgeni akiingia, ananyoosha kidole mdomoni.

Kijitabu kinapanga wiki za kubadilisha: cha Munari tangu kuzaliwa, cha nyuso nane kuanzia wiki ya 6 hivi, cha Gobbi wiki ya 7 au 8, cha wachezaji mwezi wa tatu. Mpangilio ni mzuri, tarehe msizikamie. Mjukuu wangu alikipenda cha Gobbi muda mrefu zaidi ya ilivyoandikwa, na cha nyuso nane hakukijali kabisa. Binti yangu alianza kuhofu kwamba mtoto amechelewa. Nilimwambia kadi ya kliniki ndiyo ya kuangalia, kijitabu cha muuzaji si daktari. Mama mwenye mtoto wa kwanza, asiye na mtu mzima karibu, ataumia moyo bure kwa kurasa zile za "wiki ya 6 mtoto wako atafanya hiki". Hilo naliona ni kosa kubwa kuliko bei.

Ubora: karatasi na nyuzi za vining'inio ni nzuri, mizani imekaa sawa, lakini mipira miwili ya Gobbi ilianza kufumuka nyuzi, ikabidi nishone upya. Chombo chochote cha kuning'inia kiondolewe mtoto anapoanza kufikia na kuvuta, kwenye mwezi wa nne hivi, kwa sababu uzi na shingo ya mtoto havikai pamoja. Kijitabu kimelisema hilo kwa herufi ndogo ukurasa wa mwisho. Lingewekwa mwanzoni.

Cha pili ninachokisifu ni kisanduku cha mpira. Ni boksi dogo la mbao lenye tundu juu na trei mbele. Mtoto akitia mpira kwenye tundu, unapotea, halafu unabingirika na kutokea kwenye trei. Kwa mtu mzima ni upuuzi. Kwa mtoto wa miezi 8 au 9 ni habari kubwa. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza kwamba mtoto huanza kwenye umri huo kukitafuta kitu kilichofichika mbele yake, yaani ameshaelewa kwamba kipo hata asipokiona. Ile kazi ya mpira inamzoeza jambo hilohilo kwa mikono yake mwenyewe.

Siku ya kwanza nilimwonyesha mara moja, polepole, bila kusema neno. Alitia mpira. Mpira ulishuka, ukatokea kwenye trei, karibu ugonge goti lake. Hakuuona. Alikuwa ameinamia tundu, jicho moja limeingia ndani, anautafuta pale ulipoingilia. Akaweka kidole. Akaweka mkono. Akanitazama mimi kama aliyedhulumiwa. Nilijizuia nisimwonyeshe. Iliendelea hivyo kwa muda mrefu, leo na kesho, mpaka jioni moja akautia mpira na papo hapo akageuza kichwa kwenye trei, akausubiri. Ulipotokea alicheka kwa sauti ambayo dada wa jikoni aliacha vyombo akaja kutazama. Baada ya hapo akautia tena, na tena, na tena, mpaka akachoka akalala palepale. Hakuna aliyempigia makofi, wala hakuyahitaji.

Kwa kisanduku hiki mnaweza kumkwepa muuzaji. Nilikipeleka cha sandukuni kwa fundi seremala wa Kihonda ili mtoto wa jirani naye apate. "Shikamoo mama," akasema, akakigeuzageuza, akauliza ni cha kufugia nini. Nikamweleza. Alikitengeneza kwa vipande vya mtiki vilivyobaki kwenye meza ya mteja, mtiki wa Kilombero, akaupiga msasa mpaka pembe zote zikawa laini, akapaka nta ya nyuki badala ya vanishi kwa sababu nilimwambia kitaingia mdomoni. Shilingi 25,000, pamoja na mpira. Cha dukani ni cha paina, chepesi. Mtoto akikiegemea kinakimbia. Cha fundi kinakaa. Muhimu mpira uwe na upana wa sentimita 5 au 6 na tundu lizidi kidogo tu, na trei iwe na ukingo ili mpira usikimbilie uvunguni mwa kochi kila mara.

Vilivyobaki nitavipitia haraka.

Kioo cha akriliki cha kuweka ubavuni mwa mkeka ni kizuri, hakivunjiki, na mtoto akilala kifudifudi kinampa sababu ya kuinua kichwa. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho angalau dakika 30 kwa siku, zikigawanywa, na asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, iwe kwenye kiti, kigari au mgongoni. Mgongoni pia, ndiyo. Mbeleko ni yetu na inamtuliza mtoto kuliko kitu chochote kilichomo sandukuni, lakini mtoto anayekaa mgongoni asubuhi kutwa mikono yake haina kazi. Kioo kinasaidia. Hata hivyo kioo hicho cha akriliki kinapatikana kwa wakata vioo, na mafundi wa mabango wanacho.

Visahani viwili vya mbao vilivyopachikana, vya kuhamisha kutoka mkono huu kwenda huu, mjukuu wangu alivipenda kuanzia mwezi wa tano. Mpira wa vitambaa wenye mikunjo ya kushikia ni mzuri pia, nao ushonwe nyumbani kwa mabaki ya kitenge. Pete za rangi na kijiti chake sizipendekezi: rangi ya pete nyekundu ilibanduka alipoinyonya. Tulizitupa. Muuzaji alipoambiwa alijibu kwa adabu, akasema haijapata kutokea, akatuma nyingine, ikabanduka nayo.

Kengele ya kwenye utepe ndiyo iliyonikasirisha. Ni ndogo mno. Kila nyumba ina kipimo: bomba la ndani la karatasi ya chooni. Kinachopita humo mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe, kwa kuwa kinaweza kumziba koo. Bomba hilo ni pana kidogo kuliko kipimo cha kisheria cha Marekani, ambacho ni silinda ya upana wa sentimita 3.17, kwa hiyo linakulinda zaidi. Kengele ile ilipita bila kugusa. Kumuuzia mtu kitu kama hicho kwa jina la malezi ni jambo zito, na nilimwandikia muuzaji hivyo hivyo, bila kuficha.

Kisha kipo kinachoitwa kikapu cha hazina: kikapu cha mduara chenye vitu kumi na kitu vya mbao, kitambaa na chuma. Hiki si cha Montessori hata kidogo. Ni wazo la Elinor Goldschmied, mwalimu Mwingereza, la kumwekea mtoto anayeweza kukaa, ambaye bado hatambai mbali, vitu vya kawaida vya nyumbani visivyo vya plastiki, achague mwenyewe. Wazo ni zuri sana. Kulilipia ni kupoteza fedha, na kuliagiza Dar es Salaam ukiwa na jiko la Kiswahili nyumbani inasikitisha. Nilichomwekea mjukuu wangu: kata ya kifuu niliyoipiga msasa na kuipaka mafuta ya nazi, mwiko mdogo wa mpingo, kikombe cha bati, kawa ndogo, brashi mpya ya nguo, kipande cha ukindu kilichosukwa, kitambaa cha kanga ya kisutu kwa ule wekundu, weusi na weupe wake, kibuyu kidogo kikavu, na limau zima. Limau alilinusa, akaling'ata, akakunja uso, akaling'ata tena. Kibuyu alikitikisa, akasikiliza, akakitikisa. Kawa aliivaa kichwani. Kikapu cha muuzaji kilikuwa na vitu vya mbao tupu, vyote laini, vyote vya rangi moja, alivigusa akaviacha. Angalizo: vitu vikaguliwe kila asubuhi, kifuu kikianza kupasuka kiondoke, funguo za shaba na vyombo vyenye rangi ya zamani visiwekwe kabisa kwa sababu ya madini ya risasi, na mtu mzima akae karibu muda wote.

Kijitabu ni cha Kiingereza kitupu. Binti yangu anakisoma, lakini mchana mtoto anashinda na dada na mimi. Dada ni msichana mwerevu kutoka Ifakara, ana mkono mzuri wa watoto, na ndiye aliyehitaji maelezo yale kuliko sisi sote. Nikamwandikia kurasa mbili za daftari kwa Kiswahili, tukazibandika ukutani. Nchi ilizindua programu yake ya kitaifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto Desemba 2021, na maneno ya kazi hii yamo humo kwa Kiswahili fasaha. Muuzaji wa Dar es Salaam anayewauzia Watanzania hana sababu ya kunakili kurasa za wenzake wa ng'ambo neno kwa neno.

Alijaribu pia kumuuzia binti yangu kitanda cha sakafuni, godoro chini bila kitanda, ili mtoto ashuke na kupanda mwenyewe. Nilikataa, kwa sababu ya mbu. Hapa Morogoro chandarua si pambo, na godoro la chini ambalo chandarua hakichomekwi vizuri kila upande ni kumwachia mtoto malaria. Ukiweza kuchomeka chandarua chini ya godoro pande zote, na sakafu ni kavu, haya. Sisi tulimlaza chini mchana tu, kwenye mkeka. Na ule mto mwembamba wa kumbebea mtoto mchanga, ambao nao uliongezwa sandukuni kama zawadi, ni wa mikononi: ukimlaza mtoto peke yake uondoe, asije akageuza uso akazibwa pumzi.

Kwa nyota, sanduku zima linapata 3 kati ya 5. Vining'inio peke yake ningevipa 5 kama si zile nyuzi. Kijitabu 1.

Muuzaji huyu, ukimwomba, anauza vining'inio vinne bila sanduku kwa shilingi 70,000. Binti yangu aliviagiza hivyo kwa ajili ya wifi yake aliyejifungua Dodoma, akamwambia wazi kwamba kengele asiiweke. Haikuwekwa, na mipira ya Gobbi safari hii ilikuja imefungwa kwa nguvu. Kisanduku cha mpira kitatoka Kihonda. Fundi tayari ameshakata mbao.